Kwa Nini Picha Hututoa Machozi?

Mwezi uliopita tulipita nyumbani kwa bibi mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Bibi huyu alijifunza kusoma na kuandika katika miaka ya 1970. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, na mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Mpaka leo anasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Tulikwenda kumwuliza habari za mbegu za mtama, lakini habari za mtama hatukufika nazo mbali. Baada ya chai bibi aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na kipande cha kanga. Ndani ya kanga mlikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja.

"Huyu ndiye mume wangu," akasema.

Mwenzetu mmoja akanyosha mkono aipokee. Bibi akairudisha kifuani.

"Taratibu, mwanangu. Usinikunjie mume wangu."

Tukacheka, naye akacheka. Lakini njiani tuliyafikiri maneno yale. Bibi hakusema, "Usinikunjie picha." Alisema, "Usinikunjie mume wangu." Na mume huyo alifariki mwaka 2009. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, tulilipita wakati wa kuingia. Bibi ni mtu mwenye akili zake timamu. Kwa nini basi aliita karatasi mume?

Wewe pia, ndugu msomaji, husema vivyo hivyo. Mgeni akikuuliza habari za picha iliyo ukutani, humjibu, "Hiyo ni karatasi yenye sura ya baba." Unamjibu, "Huyo ni baba." Hakuna anayekusahihisha. Lakini mtoto akichora mtu ukutani kwa mkaa, utamwuliza, "Umemchora nani?" Mchoro ni kitu kimoja na mtu ni kitu kingine. Kwenye picha ya kamera tunavichanganya, tena kwa moyo mmoja.

Wapo wataalamu wa falsafa, yaani watu wanaofikiri kwa kina juu ya maana ya mambo, ambao wameandika vitabu juu ya jambo hili. Leo tutajaribu kulieleza kwa maneno yetu. Lakini ili tulielewe, ni lazima kwanza tujue picha inapatikanaje.

TUNDU LA BATI

Tuanze nyumbani kwako. Kama nyumba yako imeezekwa kwa bati, na bati lina tundu dogo la msumari, mchana utaona duara la mwanga sakafuni. Litazame vizuri. Tundu lenyewe huenda lina pembe, au limechanika vibaya. Lakini mwanga ulio chini ni wa mviringo. Kwa nini? Kwa sababu ile si sura ya tundu. Ni sura ya jua. Jua lenyewe limejichora sakafuni mwako.

Huamini? Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na watu waliokuwa Rujewa, mkoani Mbeya, waliliona limebaki kama pete. Siku ya namna hiyo, mwanga unaopenya kwenye matundu madogo, hata kati ya majani ya mti, huanguka chini nao ukiwa na sura ya pete. Jua likibadilika juu, alama yake chini hubadilika pamoja nalo.

Jambo hili lilichunguzwa zamani sana na mtaalamu aitwaye Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, nchi ya Iraki, mwaka 965 hivi, akafanya kazi Misri. Alitazama jua lililopatwa likijichora kwa kupitia tundu dogo. Watu wa baadaye wakatengeneza chumba chenye giza kabisa, chenye tundu moja tu. Vitu vya nje vikaonekana ukutani humo ndani, miti, nyumba na watu, lakini kichwa chini miguu juu. Hilo si uchawi. Mwanga huenda moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Ule unaotoka kichwani kwa mtu hupita kwenye tundu ukishuka, na ule unaotoka miguuni hupita ukipanda. Kwa lugha ya Kilatini, camera ni chumba. Kumbe kamera ni chumba tu! Ni kijumba cha giza chenye dirisha moja.

Taabu ilikuwa moja. Sura ile haikukaa. Ukiziba tundu, imekwenda.

Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ilitengenezwa na Mfaransa, Nicéphore Niépce, mwaka 1826 au 1827. Alichukua kibamba cha madini, akakipaka lami. Ndiyo, lami, ndugu yake hii ya barabarani. Akakitia ndani ya kamera, kamera akaielekeza nje ya dirisha la nyumba yake. Palipopigwa na jua, lami ikawa ngumu. Pasipopigwa ikabaki laini, naye akaiosha kwa mafuta ikatoka. Zikabaki sura za kuta na mapaa. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu mno. Wengine husema saa 8, wengine husema siku kadhaa. Ukiitazama picha hiyo utaona kuta za upande huu na za upande ule zote zina jua, kwa sababu jua lilitoka mashariki likaenda magharibi, na kamera ikitazama tu. Kibamba hicho kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani.

Baadaye watu walitumia chumvi za madini ya fedha. Si fedha ya kununulia sukari, bali madini yale ya kutengenezea bangili na mikufu. Chumvi hizo zikipigwa na mwanga hugeuka kuwa nyeusi. Ndiyo maana ukiinua filamu ya zamani juani utaona meno meusi na nywele nyeupe: penye mwanga mwingi pameungua zaidi. Fundi alipoipiga filamu hiyo kwenye karatasi, mambo yaligeuka tena yakawa sawa. Kwa Kiswahili kazi hiyo tuliiita kusafisha picha, na jina hilo tunalipenda. Fundi alikuwa kama mtu anayeosha tope, anaosha, anaosha, mpaka uso unatokea.

Simu ya leo haina filamu wala dawa. Mwanga hupiga kijisahani kidogo kilicho nyuma ya kioo. Kijisahani hugeuza mwanga kuwa umeme, umeme ukageuzwa kuwa namba, na simu ikazitunza namba hizo. Lakini mwanzo wake ni ule ule wa tundu la bati. Jina ambalo Wazungu wameipa kazi ya kupiga picha limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kuandika kwa mwanga.

BWANA WA VIATU

Mwaka 1838 hivi, Mfaransa mwingine, Louis Daguerre, aliielekeza kamera yake kutoka dirisha la juu kwenye barabara moja kubwa ya mji wa Paris. Barabara hiyo ilikuwa ya watu wengi, farasi na magari ya kukokotwa. Lakini kwenye picha ni tupu, kama kijiji kilichohamwa. Watu wamekwenda wapi? Walikuwepo. Ila kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa ili ishike sura. Mtu aliyekuwa akitembea hakukaa mahali pamoja muda wa kutosha. Akapita bila kuandikwa.

Isipokuwa mtu mmoja. Pembeni mwa barabara alisimama bwana mmoja, mguu mmoja ameuinua, anapigwa viatu rangi. Kwa kuwa alisimama hapo hapo, mwanga wake ulipata nafasi ya kufika. Yule mpiga viatu rangi anaonekana kidogo tu, ukungu ukungu, maana mikono yake ilikuwa kazini. Hawa wawili huhesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha ya kamera. Majina yao hayajulikani. Wenyewe hawakujua kwamba wanapigwa picha. Mmoja alitaka viatu ving'are, mwingine alitaka senti zake.

Sisi picha hii inatugusa kuliko picha za wafalme. Wafalme waliitwa, wakavaa, wakakaa kwenye viti. Bwana huyu alisimama tu kwa sababu ya viatu, na karibu miaka 190 baadaye bado amesimama.

DOLE GUMBA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wengi wetu tunalikumbuka dole gumba. Kabla hujajua kuandika, ukienda ofisini, ulipewa wino ukabonyeza dole lako kwenye karatasi. Ulipojua kuandika uliacha dole gumba, ukatia sahihi. Ulijivuna, na ulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini hebu tufikiri tofauti ya vitu hivi viwili. Sahihi huandikwa na mkono, na mtu mwenye ufundi anaweza kuiiga. Dole gumba haliandikwi. Ni kidole chenyewe kimegusa karatasi, na mistari ile ni ya ngozi ya mtu fulani, si ya mwingine.

Mchoro wa mtu ni kama sahihi. Mchoraji hutazama, hufikiri, huchora, pengine humwongezea mtu urefu kidogo ili amfurahishe. Anaweza hata kuchora kitu ambacho hakipo, shetani mwenye pembe 7. Picha ya kamera ni kama dole gumba. Mwanga uliotoka kwenye uso wa mume wa bibi ndio huo huo ulioingia kamerani ukaichoma filamu. Haukuwa mwanga wa kufanana nao. Mtu yule asingesimama pale, alama ile isingekuwepo.

Kwa hiyo bibi hakukosea sana. Karatasi ile si mume wake, lakini imetokana na mume wake, kama unyayo kwenye tope unavyotokana na mguu. Na ukimwona mtu ameinama anatazama unyayo wa mwanawe aliyeondoka asubuhi, humcheki.

Picha inasema neno moja: alikuwepo. Tulitazame neno hilo vizuri, maana lina mambo mawili ndani yake. Kwanza linathibitisha. Si hadithi, si ndoto, mtu huyu kweli alisimama hapa, jua likampiga. Pili linaondoa. Halisemi yupo, linasema alikuwepo. Kwa mkono wa kulia picha inakupa mtu wako, kwa mkono wa kushoto inamchukua, na mambo yote mawili hutokea kwa mara moja. Hapo ndipo machozi yanapotoka. Mchoro unaweza kukusikitisha, lakini haukufanyii hivyo.

HABARI NA MWIBA

Aliyelifikiri sana jambo hili ni mwandishi wa Ufaransa, Roland Barthes. Alizaliwa mwaka 1915. Baba yake, mwanajeshi wa majini, aliuawa vitani mwaka 1916, mtoto hajatimiza hata mwaka mmoja. Mama akamlea, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake mwana huyo aliishi na mama yake. Mama alipougua uzeeni, yeye ndiye aliyemwuguza. Alimshikia bakuli la chai anywe, kama mtu anavyomnywesha mtoto. Mama akafariki mwaka 1977.

Jioni moja baada ya msiba, Barthes aliketi chini ya taa akapekua picha za mama yake, moja moja. Alikuwa anamtafuta. Na hakumwona. Hii ina pua yake, hii ina mkao wake, hii ina nguo zake, lakini mama mwenyewe hayumo. Nani kati yetu hajapatwa na jambo hili? Unaitazama picha ya mtu unayemjua sana, unasema, ndiye, lakini siye.

Mwishowe akafikia picha ya zamani sana, ya mwaka 1898. Pembe zilikuwa zimelika, rangi imefifia. Wamesimama watoto wawili, mvulana wa miaka 7 na dada yake wa miaka 5, kwenye kidaraja cha mbao, ndani ya banda la vioo la kuoteshea mimea. Msichana ameshika kidole chake kimoja kwa mkono wa pili, kama watoto wanavyofanya wakiona haya. Msichana huyo ndiye mama yake. Mtu hamwoni mama yake akiwa na miaka 5, sivyo? Lakini ni hapo hasa ndipo Barthes alipomtambua. Upole alioujua maisha yake yote tayari ulikuwa katika uso ule mdogo. Tena, katika ule ugonjwa, mama alikuwa amegeuka kuwa kama binti yake. Sasa akamwona binti huyo.

Aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1980. Ndani ya kitabu mna picha nyingi, ila ile ya mama yake haimo. Hakutaka kuitia. Alieleza kwamba kwetu sisi wengine ingekuwa picha kama picha nyingine za kale, isingetuchoma. Mwaka huo huo aligongwa na gari mjini Paris, akafariki.

Barthes alisema kwamba picha huwa na mambo mawili. Aliyapa majina ya Kilatini, sisi tutayaita habari na mwiba. Habari ni kile ambacho kila mtu anaweza kukisoma. Chukua ile picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar, Aprili 1964. Ukiitazama unapata habari: huyu ndiye Rais, huu ndio udongo, nchi mbili zinaungana. Jirani yako naye atasoma hayo hayo.

Mwiba ni kitu kingine. Ni kitu kidogo ndani ya picha, na mara nyingi mpiga picha hakukikusudia. Wewe hukukitafuta, chenyewe kimetoka kikakuchoma. Jirani hakimchomi.

Turudi kwenye picha ya bibi. Ilipigwa mwaka 1973, katika studio ya mjini Kondoa. Nyuma kuna pazia lililochorwa minazi na bahari, na kutoka Kondoa mpaka baharini ni safari kweli kweli. Kijana amesimama wima, amevaa koti na tai. Mkono wa kushoto ameukunja mbele ya tumbo, na mkono wa koti ameupandisha ili saa ionekane. Sisi macho yetu yalikwenda kwenye saa. Ni kubwa mno kwake, imeteleza mpaka kwenye kiganja.

"Ya mpiga picha hiyo," bibi akasema. "Na koti lake. Hata tai."

Tukamwuliza, "Wewe bibi, ukimtazama unatazama wapi?"

Akaweka kidole chini kabisa. Kijana yule mwenye koti na tai amevaa makatambuga, yale ya tairi la gari, na miguu yake ni myeupe kwa vumbi. Ati mpiga picha alimwambia kwamba miguu haitaonekana. Ikaonekana.

"Vumbi hili ni la njia yetu," bibi akasema. "Alitoka hapa alfajiri, kwa miguu, akapige picha aniachie mimi. Kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Tanga, kibarua cha mkonge. Hakunawa hata miguu. Alikuwa na haraka awahi kurudi."

Akanyamaza. Na sisi tukanyamaza.

Tusije tukaeleweka vibaya. Kijana yule hakufa mkongeni. Alirudi baada ya miaka 2, akalima na mke wake shamba moja mpaka mvi zikamwota. Picha yake ya uzeeni ipo, ya kitambulisho cha kupigia kura, tena ya rangi. Bibi haitazami sana. Anasema ile ni ya serikali.

Mwiba mwingine, alisema Barthes, ni wakati wenyewe. Katika kitabu chake mna picha ya kijana wa Kimarekani, Lewis Powell, iliyopigwa mwaka 1865 na Alexander Gardner. Powell alijaribu kumwua waziri wa serikali, usiku ule ule Rais Lincoln alipopigwa risasi. Kwenye picha yuko mahabusu, mikono imefungwa pingu, anatutazama. Ni kijana mwenye sura nzuri. Tarehe 7 Julai mwaka ule ule alinyongwa, akiwa na miaka 21. Ukiitazama picha hiyo unachanganyikiwa, maana kijana huyu amekwisha kufa, na papo hapo bado hajafa, atakufa. Hata picha ya arusi ya wazazi wako ina jambo hilo. Wale wawili wanaocheka hawajui yatakayowapata. Wewe unajua. Unatamani uwaambie, na hawasikii.

JE, PICHA HAIDANGANYI?

Msomaji makini atatuuliza: kama picha ni dole gumba, mbona picha zinadanganya? Ni kweli, na watu wamedanganya kwa picha tangu zamani. Katika miaka ya 1930 Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, alipigwa picha kando ya mfereji wa Moscow pamoja na Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri. Yezhov akaangushwa, akauawa mwaka 1940. Picha ikatolewa upya bila yeye. Mahali aliposimama pakawa maji tu. Hebu fikiri kwa nini walijisumbua. Kumwua mtu hakukuwatosha, maana picha ilikuwa bado inasema alikuwepo.

Siku hizi kuna kompyuta zenye kile kinachoitwa akili mnemba. Zinaweza kutengeneza uso wa mtu ambaye hajapata kuzaliwa, na ukiutazama utaapa kwamba umemwona mnadani. Kitu hicho huitwa picha, lakini kwa maelezo yetu ni mchoro, dole gumba lisilo na kidole. Ukiletewa kwenye simu picha ya kushangaza, macho peke yake hayatoshi siku hizi. Uliza imetoka kwa nani, na nani alikuwepo.

Hata hivyo si kila picha ya kutengenezwa ni ya hila. Huko Nigeria, Wayoruba huzaa mapacha wengi. Zamani pacha mmoja akifa, familia ilichongesha kinyago kidogo cha mti, ikakitunza kama mtoto. Studio za picha zilipoenea, wengine walikwenda studio badala ya kwa mchongaji. Pacha aliyebaki alipigwa picha mara mbili, fundi akaziunganisha, wakaonekana watoto wawili kando kwa kando. Kama marehemu alikuwa msichana na aliyebaki ni mvulana, mvulana alivalishwa mara moja nguo za kiume na mara ya pili nguo za kike. Tuseme nini juu ya picha hiyo? Yule wa pili hakusimama mbele ya kamera. Lakini mama wa watoto alijua kila kitu, na hakumdanganya mtu. Alitaka wanawe wawe wawili, kama alivyowazaa. Sisi hatuthubutu kuuita uongo.

Wala saa ile ya kuazima si uongo. Mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, nchi ya Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alikuwa na saa, redio na mavazi ya kizungu ambayo wateja walipiga nayo picha. Walijua kwamba si vyao. Lakini hamu ya kuwa navyo ilikuwa yao.

Tuna jambo moja linalotukera. Siku hizi watu hupiga picha majeneza yakiwa wazi, na watu wanaolia, wakazirusha kwenye WhatsApp kabla hata ndugu walioko mbali hawajaambiwa. Mtu ajue kifo cha mama yake kwa njia hiyo! Hatulipendi hata kidogo.

Na kuna mwisho mbaya zaidi wa picha kuliko kufutwa. Ni kunyamaza. Picha inasema alikuwepo, lakini haisemi ni nani. Jina halimo ndani ya mwanga. Akifa mtu wa mwisho anayewajua waliomo, wote hugeuka kuwa watu wa zamani, kama yule bwana wa viatu. Tumeona picha za namna hiyo zikifungiwa karanga. Za kwenye simu zina hatari yake nyingine. Zinaweza kuwa 1,000, na simu ikiibwa au ikitumbukia kisimani zimekwenda zote. (Kisima tunakijua wenyewe, tumepoteza picha za miaka 3.) Chagua hata 5 zisafishwe kwenye karatasi. Andika nyuma yake, pembeni, kwa penseli na kwa mkono mwepesi, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni. Usiibandike kwa gundi. Iweke mbali na jua na unyevu. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimeshageuka manjano au nyekundu, wakati zile za nyeusi na nyeupe bado ziko imara, kwa sababu zimeandikwa kwa madini ya fedha.

Bibi wetu alikuwa hajaandika kitu nyuma ya picha yake tangu 1973. Tulikuwa na penseli, tukampa. Akailaza picha kifudifudi juu ya gazeti, akaandika jina la mume wake kwa herufi kubwa, moja moja, mdomo ukizitamka. Akaandika KONDOA. Akaandika 1973. Kisha akainua penseli.

"Na marehemu niandike?"

Mwenzetu akajibu, "Ndiyo, bibi, ndivyo inavyoandikwa."

Bibi akaigeuza picha, akamtazama yule kijana na saa yake ya kuazima na miguu yake yenye vumbi. Akaigeuza tena.

"Hapana," akasema. "Siku hiyo alikuwa mzima."

Akairudisha picha kwenye kanga, na kanga kwenye kopo. Halafu akatuuliza, zile habari za mtama zilikuwaje?